Wastani wa msimu: notauti, waliojitoa na ova zisizotimia mnazihesabuje?

DaftariLaMoshi aliandika:

Habari za jioni wakuu. Nahitaji watu wanaojua hesabu za kriketi kwa sheria zake, siyo za "sisi huwa tunafanya hivi".

Klabu yetu hapa Moshi imemaliza msimu. Nimekabidhiwa kaunta buku mbili za alama na makaratasi ya mechi za kirafiki, na nimeagizwa nitoe jedwali la wastani kabla ya kikao cha mwaka, maana zawadi ya mpigaji bora na mrushaji bora zitatoka humo. Ugomvi umeanza hata jedwali halijabandikwa. Namba nimezigeuza kidogo wahusika wasijulikane, ila sura ya tatizo ni hii:

Mpigaji A: iningi 11 (zamu za kupiga), mikimbio 341, notauti 1 (mara alizomaliza bila kutolewa).
Mpigaji B: iningi 9, mikimbio 212, notauti 4.
Mpigaji C: iningi 3, mikimbio 41, notauti zote 3.
Mrushaji D: ova 42.4 (ova moja ni mipira sita), mikimbio 198, wiketi 11 (wapigaji aliowatoa).
Mrushaji E: ova 9, mikimbio 44, wiketi 4.

Watu wa A wanasema nigawanye kwa iningi. Watu wa B wanasema notauti hazigawanywi. C anadai wastani wake ni 41. Halafu kuna mechi za kirafiki tulizokubaliana kwamba mtu akifika 50 anampisha mwenzake: huyo ni auti au notauti? Na zaidi ya hayo, kwenye Excel jumla ya mikimbio ya wapigaji wetu ni ndogo kuliko jumla ya timu hata nikijumlisha ziada (mikimbio isiyotoka kwenye gongo), na mikimbio waliyotoa warushaji haifanani na jumla za wapinzani. Naanzia wapi?

OvaYaMwisho alijibu:

Mkuu, anza na kanuni, ugomvi wa zawadi utakuja wenyewe.

Wastani wa kupiga ni mikimbio kugawanya kwa mara alizotolewa, siyo kwa iningi. Mara alizotolewa = iningi kutoa notauti. Kwa hiyo A ni 341 ÷ 10 = 34.10. B ni 212 ÷ 5 = 42.40. Hapo hakuna mjadala, ndivyo inavyohesabiwa dunia nzima. Ile 99.94 ya Don Bradman inatokana na mikimbio 6,996 katika iningi 80 na notauti 10, yaani imegawanywa kwa 70. Ukigawanya kwa iningi unapata 87.45, na hakuna kitabu kitakachokuonyesha namba hiyo.

C hana wastani. Huwezi kugawanya kwa sifuri. Kwenye safu yake weka kistari, usiweke 41 wala 0. Mikimbio yake 41 inabaki kwenye safu ya mikimbio, hajaporwa kitu.

Kuhusu waliojitoa, Sheria ya 25 ya MCC (klabu ya London inayotunza sheria za kriketi) inatofautisha sababu. Aliyetoka kwa kuumia, kuugua au jambo lisiloepukika, asiporudi anaandikwa amejitoa, notauti. Aliyetoka kwa sababu nyingine yoyote, asiporudi anaandikwa amejitoa, auti, na hata kurudi kwake kunahitaji ridhaa ya nahodha wa timu pinzani. Kumpisha mwenzako baada ya 50 siyo kuumia. Kwa hiyo kama makubaliano yenu ya kirafiki hayakusema chochote kuhusu namna ya kuandika, huyo ni auti kwenye wastani, ila wiketi hapewi mrushaji yeyote. Mashindano mengi yenye kikomo cha lazima huandika kwenye kanuni zao kwamba ni notauti. Zisome kanuni zenu kwanza. Zikiwa kimya, inayobaki ni sheria.

Na "hakupiga" siyo notauti. Aliyekaa na pedi miguuni timu ikafikisha lengo bila yeye kuingia ana mechi 1, iningi 0. Daftari nyingi za klabu zinaharibika hapo, mtu anaandikiwa iningi na notauti wakati krisi (eneo anaposimama mpigaji) hakuikanyaga.

Mangi_wa_Pasua alijibu:

OvaYaMwisho kasema kweli kwenye hesabu, lakini tusijifanye hatuoni. B anaingia namba saba au nane, anakuta ova tatu zimebaki, anapiga kumi na tano na kubaki hapo. Notauti nne kati ya iningi tisa. A anafungua, anakutana na mpira mpya kwenye mkeka unaoruka mpaka kifuani. Nani mpigaji bora?

Mwaka 1953 Bill Johnston wa Australia, mrushaji ambaye kupiga hakukuwa kazi yake, alimaliza ziara ya Uingereza na wastani wa 102, kwa sababu katika iningi 17 alitolewa mara moja tu. Namba ni sahihi kabisa, na hakuna aliyemwita mpigaji bora wa ziara ile.

Ushauri wangu: toa jedwali lenye wastani kama kanuni inavyotaka, halafu pembeni weka safu ya mikimbio kwa iningi. A anapata 31.00, B 23.56. Kila mtu aone zote mbili. Zawadi ni uamuzi wa kamati, siyo wa kikokotoo.

OvaYaMwisho alijibu:

Mangi, safu ya pili sina tatizo nayo. Nisichokubali ni kamati kuchagua kipimo baada ya kuziona namba. Kama mwanzo wa msimu ilitangazwa "wastani wa juu", ni B, na msimu ujao mbadilishe. Kama haikutangazwa chochote, toeni zawadi mbili, ya mikimbio mingi na ya wastani. Kombe dogo la pili ni rahisi kuliko miezi sita ya kununiana.

Kinachotakiwa kuwepo siku zote ni kiwango cha chini cha kuingia kwenye jedwali la juu. Kwa wapigaji, mtu awe ametolewa angalau mara 5. Kwa warushaji, angalau wiketi 10 au ova 25, kulingana na mmecheza mechi ngapi. Ambao hawajafika wanawekwa chini ya mstari, kwa alfabeti, bila nafasi. Kwa mfano wako, D ni 198 ÷ 11 = 18.00, E ni 44 ÷ 4 = 11.00. Bila kiwango, E wa ova 9 anamzidi mtu aliyebeba ova 42. Mkiweka kiwango, D anasimama peke yake na E yuko chini ya mstari na namba zake zote zinaonekana.

Njiro_Skoa alijibu:

Wakuu mmerukia zawadi, mwenzetu kasema hesabu hazifungi. Wastani uliotoka kwenye daftari ambalo halibalansi ni mapambo tu.

DaftariLaMoshi, kabla ya kugawanya chochote, chukua kila iningi moja moja na uhakikishe mambo manne. Mikimbio ya wapigaji + ziada zote (waidi yaani mpira uliorushwa mbali na mpigaji, nobo yaani mpira usio halali, bai yaani mikimbio ya mpira usiogusa gongo wala mwili, legi bai yaani ya mpira uliogusa mwili tu, na mikimbio ya adhabu kama ipo) = jumla ya timu. Mikimbio ya warushaji + bai + legi bai + adhabu = jumla ile ile. Wiketi za warushaji + rani auti (waliotolewa wakikimbia) na auti nyingine asizopewa mrushaji = wiketi zilizoanguka. Mipira halali ya warushaji wote = ova za iningi. Iningi ikikataa hata moja kati ya hizo, isimamishe hapo, usiiingize kwenye msimu mpaka ujue kwa nini.

Sababu zinazojirudia, nizitaje kwa mpangilio wa mara nyingi ninavyoziona kwenye daftari za watu:

Nyota. Ukiandika 67* (yaani 67, notauti) kwenye seli, Excel inaiona kama maandishi, na SUM inairuka kimyakimya. Mikimbio 67 inapotea bila onyo lolote. Nina hakika hiyo ndiyo sababu jumla ya wapigaji wako ni ndogo. Angalia upande: namba hukaa kulia mwa seli, maandishi kushoto. Weka mikimbio kwenye safu yake, na notauti kwenye safu nyingine kwa 1 au 0. Nyota utaiweka siku ya kuchapa.

Tarehe. Ukiandika 3/12 kumaanisha wiketi 3 kwa mikimbio 12, programu inaweza kukugeuzia tarehe. Wiketi safu yake, mikimbio safu yake.

Ova. Hii ndiyo mama yao. 8.3 siyo nane na sehemu tatu za kumi, ni ova 8 na mipira 3. Mrushaji akirusha 8.3 mechi moja na 7.4 nyingine, Excel itakujumlishia 15.7, kitu kisichokuwepo duniani. Ukweli ni mipira 51 + 46 = 97, yaani 16.1. Kama alitoa mikimbio 78, ikonomi yake (mikimbio kwa ova) ni 78 ÷ 97 × 6 = 4.82. Kwa 15.7 utaandika 4.97. Geuza kila kitu kiwe mipira tangu mwanzo. Kama ova ziko seli F2:

=INT(F2)*6+ROUND((F2-INT(F2))*10,0)

Hiyo ROUND usiiache, bila hiyo kuna wakati utapata 2.9999 badala ya 3. D wako wa 42.4 ni mipira 256: ikonomi 4.64, na straiki reti 23.3, yaani wiketi moja kila mipira 23 na ushee.

Wastani wa kupiga, iningi ikiwa B2, notauti C2, mikimbio D2:

=IF(B2-C2=0,"-",D2/(B2-C2))

Na mpangilio wa karatasi: mstari mmoja kwa mchezaji mmoja kwa mechi moja. Usitengeneze shiti moja kwa kila mechi halafu uhamishe jumla kwa mkono. Ukishakuwa na orodha ndefu moja, SUMIFS inakupa msimu mzima kwa jina. Jina liandikwe namna moja tu. Mtu akiwa na nafasi ya ziada mwisho wa jina lake atakuwa wachezaji wawili.

DaftariLaMoshi aliandika:

Dada Njiro_Skoa ubarikiwe, nyota zilikuwa nyingi kweli. Upande wa kupiga sasa unafunga isipokuwa mechi moja. Upande wa warushaji bado. Tatizo ni kwamba waandishi wetu wawili kila mmoja anaandika ziada kivyake. Mmoja hamhesabii mrushaji waidi kabisa, mwingine anamhesabia hadi legi bai. Ipi sahihi?

Na la pili, ligi ndogo ya ova 20 tuliyocheza na timu za Arusha: wao wametupa NRR (tofauti ya mikimbio kwa ova kati ya timu na wapinzani) tofauti kabisa na yangu. Tofauti siyo ya desimali, ni kubwa.

OvaYaMwisho alijibu:

Wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake.

Waidi na nobo ni za mrushaji. Bai na legi bai siyo zake, na mikimbio 5 ya adhabu siyo yake. Waidi ikimpita kipa ikaenda mpaka mpakani ni waidi 5, zote za mrushaji. Nobo ni 1 ya mrushaji, na mpigaji akiipiga kwa gongo akapata 4, hizo 4 ni za mpigaji na zinamhesabia mrushaji pia, jumla 5. Nobo isiyoguswa na gongo, wakakimbia 2: tangu sheria za 2017 hizo 2 ni bai au legi bai, mrushaji anabaki na ile 1. Mwandishi aliyejifunza zamani atamrundikia zote tatu. Kwenye waidi haiko hivyo, kila kilichokimbiwa kwenye waidi ni waidi.

Meideni (ova ambayo mrushaji hakutoa mkimbio) inafuata hesabu hiyo hiyo. Ova yenye legi bai 4 na hakuna kingine ni meideni. Ova yenye waidi moja siyo.

Kwa mpigaji, waidi siyo mpira aliokabili, nobo ni mpira aliokabili. Hii inagusa straiki reti yake (mikimbio kwa kila mipira 100). Kuna mkanganyiko mmoja unaotokea mara chache lakini ukitokea unaleta kelele: mpigaji katoka nje ya krisi kwenye waidi, kipa kavunja wiketi (vile vijiti). Ni stampu, wiketi ni ya mrushaji, waidi inabaki kwa mrushaji, mpira hauhesabiki kwenye ova wala kwa mpigaji. Kama ulikuwa wa kwanza kwake, ametoka kwa mikimbio 0 na mipira 0.

Wiketi anazopewa mrushaji ni za bold (mpira kugonga vijiti), kudakwa, LBW (mguu kuuzia mpira uliokuwa ukielekea kwenye vijiti), stampu na kugonga wiketi yake mwenyewe. Rani auti hapewi, kuzuia wadakaji kazi hapewi, kuchelewa kuingia hapewi.

Na kwa nini legi bai zinawapotea? Kwa sababu mwandishi anaangalia mpira ulikokwenda, hamwangalii mwamuzi. Mwamuzi akigusa goti lililoinuliwa, ni legi bai. Mwandishi lazima ainue mkono kuonyesha kaona, na mwamuzi asiruhusu mpira unaofuata kabla hajajibiwa.

Mangi_wa_Pasua alijibu:

NRR niachieni mimi, kwa sababu najua mlikokosea bila hata kuona karatasi: timu iliyotolewa wote.

Kanuni: mikimbio mliyopata kwa ova, kutoa mikimbio mliyofungwa kwa ova. Lakini timu ikitolewa wote kabla ya ova kuisha, inahesabiwa ova zake zote za haki, siyo zile ilizodumu. Tuseme mmetolewa wote kwa 96 ndani ya ova 14.2, katika mechi ya ova 20. Wapinzani wakafikisha 97 kwa ova 13.5.

Nyinyi: 96 ÷ 20 = 4.80.
Wao: ova 13.5 ni mipira 83, kwa hiyo 97 ÷ 83 × 6 = 7.01.
NRR ya mechi: −2.21.

Ukigawanya 96 kwa ova 14.2 mlizodumu unapata 6.70, na NRR yako inakuwa −0.31. Tofauti hiyo ndiyo inayokushangaza. Arusha wako sahihi, pole sana.

Usichukue NRR ya kila mechi ukatafuta wastani wake. Jumlisha mikimbio yote ya msimu, jumlisha ova zote, ndipo ugawanye. Mechi isiyo na matokeo kwa mvua haiingii kwenye NRR kabisa. Mechi iliyopunguzwa kabla ya kuanza, mathalani ova 15 kila upande, ova za haki ni 15. Na kwa vile wageni kutoka Arusha wana kilomita 80 za barabara mbele yao, mechi za kupunguzwa hamtazikosa, kwa hiyo andika idadi ya ova zilizokubaliwa juu ya ukurasa, na manahodha wote wawili watie sahihi hapo hapo.

Njiro_Skoa alijibu:

Kuongezea hapo kwenye mvua, maana masika haina adabu. Mechi ikianza kisha ikavunjika, timu zinagawana pointi na NRR haiguswi, lakini namba za wachezaji zinahesabika. Mtu aliyepiga 38 kabla ya mvua ana 38 zake, na kama alikuwa bado krisi ana notauti. Mechi iliyofutwa kabla hata ya kurusha sarafu siyo mechi kwa mtu yeyote.

Mchezaji wenu mliyewaazima wapinzani kwa sababu walikuja tisa, namba zake za siku hiyo siyo za klabu yenu. Mikimbio aliyowafunga itaonekana kwa warushaji wenu, basi.

Jedwali la ligi na la kirafiki yatenganishe, hasa kwa sababu ya ile kanuni ya 50. Na mechi za ova 20 usizichanganye na za ova 35 kwenye ikonomi na straiki reti. Wastani unaweza kuvumilia mchanganyiko, hizo mbili haziwezi.

Msimu ujao, kalamu: kila mrushaji rangi yake, na mpigaji aandikwe kwa rangi ya mrushaji aliyemkabili. Hesabu ikikataa, rangi inakuonyesha ova yenye kasoro kwa dakika mbili. Siku za manyunyu tumia penseli ya HB, wino wa kalamu ya maji ukilowa unavuja mpaka ukurasa wa nyuma. Waandishi wawe wawili, mmoja kila timu, wakae meza moja, walinganishe jumla kila mwisho wa ova na kila wiketi inapoanguka. Wakikaa pande mbili za uwanja mtagundua tofauti watu wameshapanda Coaster.

DaftariLaMoshi aliandika:

Nimeelewa. Imebaki ile mechi moja. Ukurasa wa warushaji umelowa, ova ya 11 mpaka ya 14 hazisomeki. Jumla ya wapinzani inajulikana, wiketi zinajulikana. Mikimbio 23 haina mrushaji. Niwagawie walio kwenye zamu sawasawa?

OvaYaMwisho alijibu:

Hapana, usimgawie mtu kitu ambacho hakikuandikwa. Kwanza waombe wapinzani picha ya daftari lao, nusu ya mechi hii iko kwao. Wakikosa, nenda ukurasa wa wapigaji wa iningi hiyo hiyo: kama mipira yao imeandikwa mmoja mmoja kwa mfuatano, unaweza kuzijenga upya ova nne kutoka hapo, ukijua nani alirusha toka upande upi. Ova ya 11 na ya 13 ni upande mmoja, ya 12 na ya 14 upande wa pili, na mtu harushi mbili mfululizo. Wapigaji wakikupa 19, zile 4 zilizobaki zitafute kwenye visanduku vya ziada.

Ikishindikana kabisa, matokeo ya timu yaingie, namba za kupiga na kudaka ziingie, za kurusha za upande huo ziachwe zote kwa warushaji wote wa siku hiyo, hata wale ambao ova zao zinasomeka. Chini ya jedwali andika mstari mmoja ukitaja tarehe ya mechi na kwamba takwimu za kurusha hazikukamilika. Kabla ya kwenda kuchapa A3, mpe D nakala aone, maana kama alikuwa na wiketi siku ile atakuja kuuliza.

Mangi_wa_Pasua alijibu:

Na E pia. Huyo wa ova 9 ndiye atakayeuliza wa kwanza.